Kaka Yangu Anafanya Kazi Gani?



Ndugu msomaji, likizo iliyopita nilikaa nyumbani Mhunze, wilayani Kishapu, kwa wiki saba. Ulikuwa mwezi wa saba. Pamba ilikuwa imeshavunwa, mtama umeshapigwa, na vumbi limetanda juu ya kila kitu. Siku ya pili baada ya kufika, tukiwa tumekaa nje jioni, baba alinigeukia akaniuliza: "Frateri, wewe unasoma falsafa. Hebu nieleze, hivi kaka yako anafanya kazi gani?"

Kaka alikuwa ndani, chumba cha uani, mlango umefungwa na taa inawaka. Alikuwa humo tangu asubuhi. Baba hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu aliyekwisha kuuliza mara nyingi na kila mara akapewa jibu asilolielewa. Kwake yeye, kazi ina ofisi, au ina shamba, au ina duka. Kaka ana meza, kompyuta moja na feni. Majirani wakimuuliza baba habari za mtoto wake aliyesoma Ulaya, yeye hujibu, "Yupo, anapumzika." Huu ni mwaka wa pili anapumzika.

Nilimjibu kwamba kaka ni mfasiri wa kujitegemea: anapokea maandishi ya Kiingereza na kuyaandika kwa Kifaransa, kisha analipwa. Baba alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Kifaransa cha nani? Hapa Mhunze nani anaongea Kifaransa?" Sikuwa na jibu. Nilijifanya kumfukuza kuku aliyekuwa kwenye mtama.

Kaka ananizidi miaka saba. Ndiye aliyefungua njia ya shule nyumbani kwetu. Chuo kikuu alisoma kemia, halafu akapata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili ya sayansi ya mazingira katika mji wa Grenoble, Ufaransa. Ufadhili haukutosha kila kitu, hivyo baba aliuza ng'ombe wanne, mmoja wao jike aliyekuwa karibu kuzaa. Msukuma hahitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Kaka alikaa kule miaka mitatu, wa kwanza wote akijifunza lugha tu. Aliporudi aliajiriwa kama mtafiti msaidizi katika mradi wa kupima zebaki kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita.

Kwa msomaji asiyeijua kazi hiyo: mawe yenye dhahabu husagwa kwenye karasha hadi yawe unga, unga huoshwa kwenye mwalo, na yale mazito yanayobaki huchanganywa na zebaki ndani ya beseni, mara nyingi kwa mikono mitupu. Zebaki hushikana na dhahabu na kuwa donge. Donge hilo huchomwa. Zebaki huchemka kwenye nyuzi 357 za Selsiasi, hivyo huondoka kama mvuke, na dhahabu hubaki. Mvuke huo hauna rangi wala harufu. Anayechoma anauvuta, na mtoto aliyebebwa mgongoni anauvuta.

Kaka alizunguka na vichupa. Alichukua mkojo, nywele, udongo, na marudio, yaani yale mabaki ya unga uliokwisha kuoshwa. Kila aliyepimwa alisomewa karatasi ya ridhaa na kutia sahihi au dole gumba. Aliniambia kuna mama mmoja wa pale karashani, karibu na Nyarugusu, aliyetia dole gumba kisha akamuuliza: "Na majibu yetu yatakuja lini?" Kaka akamwambia, "Yatakuja, mama."

Hayakwenda. Hakuna aliyekusudia ubaya. Mradi uliisha, gari likarudishwa, vichupa vikaenda maabara, na ripoti ikaandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya waliotoa fedha. Mikataba ya kaka ilikuwa ya miezi sita sita. Wa mwisho ulipoisha, alirudi Mhunze kusubiri mwingine. Alisubiri miezi tisa.

Ndani ya miezi hiyo, mtu aliyesoma naye Grenoble alimwomba amtafsirie ripoti ya udongo kutoka Kiingereza kwenda Kifaransa, maana wafasiri wengi wanajua lugha lakini hawajui udongo. Kaka alifanya kwa siku nane, akalipwa zaidi ya mshahara wake wa mwezi wa utafiti. Ikaja nyingine kuhusu maji, nyingine kuhusu dawa za mimea. Ulipokuja ujumbe kwamba mradi mpya umepata fedha na nafasi yake ipo kwa miezi sita, alijibu kwamba hatarudi. Baba alilijua hilo kwa kusikia kwa watu. Hapo ndipo maumivu yalipo. Kwa baba, ng'ombe wanne waliuzwa ili mtoto awe mwanasayansi, na mtoto kwa hiari yake akaacha.

Nakiri kwamba nami nilikuwa upande wa baba. Seminarini tunafundishwa uvumilivu katika wito. Niliona kaka amekimbia. Nilidhani pia, Mungu anisamehe, kwamba mimi niliyeacha mambo ya dunia nina haki ya kumhukumu yeye aliyeacha maabara.

Kwa kuwa nyumba yetu ni ndogo, nililala chumba kimoja na kaka, na kwa wiki hizo saba nikaiona kazi yake kwa macho. Wateja wake wengi ni mawakala wa tafsiri walio mbali, wanaohudumia mashirika yanayofanya kazi Kongo, Burundi na Afrika Magharibi. Analipwa kwa hesabu ya maneno. Siku njema anamaliza maneno elfu mbili, na kila neno analipitia mara tatu. Ana programu inayotunza tafsiri zake za zamani ili neno alilolichagua mwaka jana lisibadilike mwaka huu bila sababu. Siku hizi wateja wengine humletea kitu kilichokwisha kutafsiriwa na mashine, wakitaka akisahihishe kwa nusu ya malipo. Malipo huchelewa siku thelathini, arobaini na tano, wakati mwingine zaidi. Hakuna mwajiri wa kumchangia mfuko wa jamii, hakuna likizo, na umeme ukikatika ni yeye na betri yake. Mwezi ule, baba alikuwa anasubiri malipo ya pamba, na kaka anasubiri malipo ya maneno. Wote wawili waliamka asubuhi wakitazama simu, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Jambo moja lilinishangaza. Nilidhani anayejua lugha mbili anaweza kutafsiri upande wowote. Kaka akanieleza kwamba desturi ya kazi hii ni kutafsiri kwenda lugha yako ya kuzaliwa, na Kifaransa si lugha yake ya kuzaliwa. Kwa hiyo hatumi kitu kabla hakijasomwa na mwalimu mmoja wa Bukavu, mama mtu mzima aliyelelewa na kusomeshwa kwa Kifaransa, ambaye humgawia theluthi ya malipo. Hawajawahi kuonana. Wanaongea Kiswahili kwa simu, cha kwake cha Kivu na cha kaka cha Shinyanga, na humo ndani ya Kiswahili wanabishana juu ya Kifaransa. "Kwa nini usimpunguzie?" nilimuuliza. "Yeye ndiye anayenizuia nisidanganye bila kujua," akasema.

Nikaanza kuona mitego yenyewe. Kiingereza kina neno "eventually", maana yake ni hatimaye, jambo litatokea ingawa si leo. Kifaransa kina "éventuellement", neno linalofanana nalo kama pacha, lakini maana yake ni pengine, ikitokea. Ukiandika kwamba mgonjwa pengine atahitaji kurudi hospitali, wakati mwandishi alisema hatimaye lazima arudi, sentensi itasomeka vizuri kabisa. Hakuna atakayeona kosa, na mgonjwa hatarudi.

Sisi wenyewe tunaujua mtego huu kwa Kiswahili. Mwaka 2017 nchi nzima ilijifunza neno makinikia, serikali ilipozuia kusafirishwa nje. Kabla ya hapo wengi tuliita mchanga wa dhahabu, na tukabishana miezi mizima kuhusu mchanga. Makinikia si mchanga wa kuchota mtoni. Ni mawe yaliyosagwa na kuchambuliwa hadi kilichobaki kina dhahabu, shaba na fedha kwa wingi. Na marudio si makinikia, ni kinyume chake, ni kile kilichobaki baada ya mali kutolewa. Anayechanganya maneno hayo mawili anachanganya hazina na taka.

Sasa nifike kwenye usiku ninaotaka kuusimulia.

Ilikuwa wiki ya tano. Kaka alikuwa ametuma mwongozo wa kutibu maji ya kunywa kwa klorini, utakaotumiwa na wahudumu wa afya wanaosoma Kifaransa. Mwalimu wa Bukavu aliusoma wote, isipokuwa jedwali moja la vipimo lililoletwa na mteja dakika za mwisho. Kaka alilifanya mwenyewe kwa haraka, akatuma. Siku ya tatu, yapata saa nane za usiku, aliketi ghafla kitandani, akawasha kompyuta. Niliamka kwa mwanga.

Kosa lilikuwa mkato mmoja. Sisi tuliosoma kwa Kiingereza tunaandika 1,500 tukimaanisha elfu moja na mia tano. Kwa Kifaransa mkato ndio unaotenga sehemu ya desimali, kama sisi tunavyotumia nukta. Mfaransa akisoma 1,500 anasoma moja na nusu. Jedwali lilisema pakiti moja ya dawa kwa tangi la lita 1,500, na kaka aliiacha namba ilivyo. Msomaji wa Kifaransa angesoma: pakiti moja kwa lita moja na nusu.

Alikuwa ameshika kichwa. Nilimwambia, kwa nia ya kumtuliza, kwamba mhudumu yeyote mwenye akili ataona haiwezekani. Akaniangalia. "Na asiyeona?" akasema. "Wameandikiwa mwongozo kwa sababu hawajui."

Mlango ukagongwa. Baba alikuwa ametoka kuangalia ng'ombe, akaona taa. Akauliza kuna msiba gani. Kaka alisita, kisha akamweleza kwa lugha ambayo baba anaijua: "Baba, ni kama dawa ya pamba. Kibandiko kinasema kifuniko kimoja kwa bomba zima, mimi nikaandika kifuniko kimoja kwa kikombe." Baba, ambaye amebeba bomba la kupulizia mgongoni zaidi ya miaka thelathini, alielewa mara moja. Akavuta kigoda akakaa.

"Wamekwisha kuona?" akauliza.

"Hapana. Wamenishukuru. Wanapeleka kuchapisha."

"Ukinyamaza, nani atajua?"

Kaka akasema, "Hakuna."

Baba hakumshauri kitu. Alikaa tu pale akimwangalia kaka akiandika barua ya kueleza kosa, namba kwa namba, mstari kwa mstari, na kuomba uchapishaji usimamishwe. Aliituma kabla ya saa tisa. Asubuhi mteja alijibu kwamba kazi imesimamishwa kwa wakati, na kwamba kwa mujibu wa makubaliano sehemu ya malipo itakatwa. Sijui kama watampa kazi tena. Hadi narudi seminarini walikuwa hawajampa. Baba aliposikia habari ya kukatwa malipo, alitikisa kichwa akaenda zizini. Lakini jioni ile jirani alipouliza kuhusu mtoto wa Ulaya, nilimsikia baba akijibu, "Yupo, anafanya kazi."

Nimelifikiria sana neno lile la kaka: hakuna. Mtafiti akiandika namba ya uongo, mwenzake anaweza kurudia kipimo akamuumbua. Mfasiri kwa kawaida anamwandikia mtu asiyeweza kuisoma lugha ya kwanza, maana angeweza, asingemhitaji. Msomaji amejiweka mikononi mwake. Kwa hiyo deni la uaminifu ni kubwa zaidi mahali ambapo hakuna wa kukudai. Nilidhani kaka ameacha sayansi. Niliyemwona usiku ule alikuwa mtafiti yule yule wa vichupa, amebadilisha tu meza: asiongeze kilichoonekana, asipunguze, na akikosea aseme.

Baada ya hapo niliyatazama upya mambo tunayosoma. Mtakatifu Tomaso wa Akwino alimfafanua Aristoteli kwa kutumia tafsiri za Kilatini, nyingi zikiwa za Mdominikani mwenzake, William wa Moerbeke, aliyezitoa kwenye Kigiriki. Tunamtaja Tomaso kila siku darasani, na William karibu hatumtaji kabisa. Lakini Tomaso alimwamini. Mtakatifu Jeromu naye, aliyefanya kazi ya kutafsiri Maandiko huko Bethlehemu hadi kifo chake yapata mwaka 420, alishambuliwa kwamba anapotosha. Akamwandikia rafiki yake Pamakio barua akijitetea kwamba katika maandishi ya kawaida yeye hutafsiri maana, hahesabu maneno.

Kaka mwenyewe, nilipomsimulia haya, alinitolea wawili wa upande wake. Émilie du Châtelet, mwanamke Mfaransa aliyebobea katika hisabati na fizikia, alitafsiri kitabu kikuu cha Newton kutoka Kilatini kwenda Kifaransa. Alifariki mwaka 1749, siku chache baada ya kujifungua, na tafsiri kamili ikachapishwa mwaka 1759. Alikuwa ameongeza maelezo yake, lakini aliyatenga, msomaji ajue yapi ni ya Newton na yapi ni yake. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1862, Clémence Royer alitoa kwa Kifaransa kitabu cha Darwin kuhusu asili ya spishi, akakiwekea dibaji ndefu ya mawazo yake mwenyewe. Darwin hakufurahi, na baadaye akatafuta mfasiri mwingine. "Wote wawili walikuwa na akili sana," kaka akasema. "Tatizo si akili. Tatizo ni pale unapoona neno la mwenye neno halitoshi."

Hapo nilinyamaza, kwa sababu nilikumbuka jambo langu.

Likizo ya mwaka uliotangulia, padre mgeni alikuja kusali Misa katika kigango chetu. Hakujua Kisukuma, na wazee wengi pale Kiswahili cha mahubiri kinawapita. Nikaombwa nikalimani. Padre alihubiri polepole, maneno machache, kuhusu kusamehe. Mimi, frateri kijana mwenye kanzu mpya, niliona mahubiri yamepoa. Nikayafupisha mahali, nikayachangamsha mahali, na mwishoni nikaongeza onyo langu mwenyewe kwa wanaogombania mipaka ya mashamba, maana nilijua ugomvi wa pale. Watu walitikisa vichwa. Baada ya Misa bibi mmoja alinishika mkono akasema lile neno la padre kuhusu mashamba limemwingia, na kwamba ataacha kesi yake na mdogo wake. Nilifurahi. Niliporudi seminarini niliwasimulia wenzangu, tukacheka.

Utasema, si matunda yalikuwa mema? Labda. Lakini bibi yule alipokea neno langu akidhani ni la padre, na padre akaondoka akidhani wamesikia neno lake. Wote wawili walikuwa mikononi mwangu, na hakuna aliyeweza kunikagua. Imani ilifika kanda hii ya ziwa, pale Bukumbi mwaka 1883, kwa njia ya Wamisionari wa Afrika, wengi wao watu waliowaza kwa Kifaransa na kulazimika kujifunza Kisukuma. Kama wangechangamsha kila palipopoa, tungekuwa tumepokea nini? Na mimi, Mungu akipenda, nitasimama mbele ya watu miaka mingi kuwaeleza Maandiko yaliyoandikwa kwa lugha wasizozijua. Hao nao hawataweza kunikagua.

Tukakubaliana na kaka kwamba kila mmoja ana deni.

La kaka lilikuwa Nyarugusu. Aliandika kwa aliyekuwa kiongozi wa utafiti, akaomba ruhusa ya kuandika matokeo kwa lugha ya waliopimwa. Akajibiwa haraka na kwa ukarimu. Inaelekea hakuna aliyekuwa ameomba. Mkataba wa Minamata, ule wa mataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017 na ambao Tanzania imeuridhia, una matini rasmi katika lugha sita: Kiarabu, Kichina, Kifaransa, Kihispania, Kiingereza na Kirusi. Mama yule wa karashani hajui hata moja kati ya hizo.

Tulifanya kazi jioni tisa kupata kurasa mbili za Kiswahili. Sijawahi kufikiri kwa bidii hivyo darasani. Utasemaje "hatari imeongezeka" bila kusema "utakufa"? Niliandika, "Zebaki inaua." Kaka akaifuta. "Hatukupima vifo," akasema, "tulipima mkojo." Nikaandika kwamba waliopimwa wana sumu mwilini. Akaifuta: baadhi ya waliopimwa, tena wale wanaochoma, kuliko wale wanaobeba mawe. Mama, aliyekuwa anakatakata viazi vya michembe, alisikia tukibishana jinsi ya kueleza mvuke, akasema bila kuinua kichwa, "Semeni: moshi mnaouona si huo, unaowaingia ni ule msiouona." Kaka alilifikiria, akaona ni kweli kabisa, akaliandika. Ndiyo sentensi bora katika kurasa zile. Kwa Kisukuma hatukuandika. Mama alitufundisha jinsi ya kusema, tukakariri.

Tulikwenda kwa basi hadi Kahama, tukalala, kesho yake tukaendelea hadi kule. Karasha ile haikuwepo. Dhahabu ilikuwa imehamia kwingine na watu wameifuata. Mama yule hatukumpata, wala hakuna aliyejua alikoelekea. Kwenye karasha jirani tulikaribishwa na kijana aliyesoma kurasa zile kwa sauti, kelele za mashine zikimkatiza. Walisikiliza. Mwanamke mmoja akauliza chombo cha kunasa mvuke kinauzwa wapi na bei gani, kaka akamweleza alichokijua. Mzee mmoja akasema miaka yote wanapimwa, hii ni mara ya kwanza anaona waliopima wamerudi. Kisha kazi ikaendelea, na pembeni mtu akawasha moto kuchoma donge lake kama siku zote. Njiani kurudi kaka hakusema mengi. Nilipomuuliza kama amejisikia vizuri, alisema, "Nimechelewa miaka miwili." Usiku ule alikaa kwenye Kifaransa chake, maana alikuwa na kazi ya kesho.

La kwangu lilikuwa karibu zaidi. Siku mbili kabla ya kurudi seminarini nilikwenda kwa bibi yule. Nilimkuta anapepeta mtama. Nikamsalimia, nikaketi, nikamwambia kwa shida kwamba lile neno la mashamba halikuwa la padre, lilikuwa langu. Alinitazama muda mrefu. Hakukasirika. Akaniuliza tu, "Basi padre mwenyewe alisema nini?"

Nilijaribu kukumbuka. Nilikumbuka kwamba yalikuwa juu ya kusamehe, na kwamba yalikuwa machache. Zaidi ya hapo sikukumbuka hata sentensi moja. Nilikuwa nimeyaona yamepoa, sikuyasikiliza.

Ndugu msomaji, tarehe 30 Septemba Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Jeromu, msimamizi wa wafasiri. Siku hiyo mwombee kaka yangu na mwalimu wa Bukavu. Na sisi tunaojiandaa kuhubiri utuombee tujifunze kwanza kusikiliza.